Mita Moja ya Fundi wa Kariakoo

Msafiri ashukaye kwenye basi la mwendokasi katika kituo cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, akaingia Kariakoo kwa miguu, huongozwa na maandishi. Kioo cha daladala kina methali, tangi la pikipiki lina jina la mchumba, na chupa ya asali ina picha ya nyuki. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na maneno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi mahali hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale wamekwenda zao, lakini mizigo haijapungua, na siku hizi kila mzigo unataka stika yake.

Stika hizo hutoka wapi? Swali hilo ndilo lililomfikisha mwandishi wa makala hii katika chumba chembamba, nyuma ya duka la vitambaa, ambamo fundi mmoja mwenye mvi alikuwa ameinamia mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usiegemee meza hiyo. Wino haujakauka."

Mashine yake hufanya kazi mbili. Jora la vinaili lenye upana wa sentimita 137 huingia upande mmoja, likachapwa rangi. Kisha vinaili hurudishwa nyuma na kisu kidogo hupita kandokando ya kila picha, kikikata tabaka la juu peke yake bila kupasua karatasi iliyo chini. Kazi hiyo huonekana nyepesi kama kunyoa ndevu. Lakini ukutani, juu ya mashine, kulikuwa na kipande cha stika kilichopigwa misumari. Zilikuwa lebo za sabuni, duara za kijani, na kila moja ilikuwa na mwezi mwandamo mweupe ubavuni, kwa kuwa kisu kilikuwa kimepita nje ya rangi.

"Hiyo ni shule yangu," alisema fundi. "Niliilipia ada mwaka 2019."

Siku hizo, kikundi cha akina mama watengeneza sabuni kiliagiza stika 600 kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Zilikuwa duara za sentimita 10, kumi na mbili katika kila safu, kwa hiyo safu 50. Na kwa kuwa kila safu ilichukua sentimita 10 na nusu, kazi nzima ilihitaji mita 5 na robo. Fundi alikuwa na haraka. Alichapa zote kwa mkupuo mmoja, akairudisha vinaili na kuanza kukata, kisha akatoka kwenda kunywa chai.

Magurudumu yanayobana vinaili hayawezi kuivuta katika mstari ulionyooka kabisa. Siku ile ilikuwa ikiteleza kando milimita 1 kwa kila mita. Fundi alikuwa ameongeza ukingo wa rangi wa milimita 2 nje ya mstari wa kisu, na ukingo huo ulificha kosa mpaka mita ya pili. Baada ya hapo haukuwa na uwezo tena. Safu 19 za mwanzo zilisalimika. Safu 31 zilizofuata, yaani stika 372, zikawa takataka. Akina mama walikwenda Sabasaba na chupa nyingi zisizo na jina. Jora jipya, naye fundi hakulificha hilo, lilinunuliwa kwa fedha za karo ya mwanawe.

Je, urefu ulio salama ni upi? Fundi hana jibu moja kwa mashine zote, ila ana njia ya kuutafuta. Huchapa na kukata mfululizo wa miraba midogo kwa urefu wa mita 3, kwa vinaili ile ile atakayoitumia, kisha hupima kwa rula mahali kisu kilipoanza kuuacha mstari. Pale kosa linapofikia nusu ya ukingo wa rangi, ndipo anapoweka mpaka wake. Kwa mashine yake mpaka huo ni takriban mita 1. Nusu nyingine ya ukingo ni akiba ya siku mbaya.

Basi kazi ya safu 50 sasa huigawa katika sehemu tano za safu kumi kumi. Kila sehemu ina alama zake katika pembe nne, nalo jicho la mashine huzisoma kabla ya kisu kushuka, hivyo kosa la sehemu iliyotangulia halirithiwi na inayofuata. Kati ya sehemu na sehemu huacha sentimita 5. Hasara yake ni sentimita 20 za vinaili, naye hukinga zaidi ya mita 3. Kwa kuwa alama zipo, huweza pia kuitoa kazi, akauacha wino ukauke usiku kucha, na kuirudisha mashineni kesho yake. Wino mbichi hulainisha vinaili, na ukingo uliokatwa ungali laini hujikunja.

Tulipokuwa tukizungumza, kijana wake aliita. Katika sehemu ya tatu jora lilikuwa limekwama, vinaili ikavutika upande. Fundi alisimamisha mashine, akatazama, akakata sehemu ile kwa mkasi na kuitupa. Hakutamka neno. Alilegeza jora kwa mkono ili lisiivute tena vinaili, kisha akaamuru sehemu ya nne iendelee.

Alasiri mteja alifika, mama wa makamo mwenye kikapu. Fundi alimhesabia stika 480.

"Nakudai 120, fundi," alisema mama yule.

"Kweli, mama. Nazichapa jioni hii, zilale zikauke. Kesho saa nne njoo uzichukue."

Mama alizigeuza stika mkononi moja moja, akiukagua ukingo wa kila duara, kisha akazitia kikapuni. Zilikuwa duara za kijani, lebo za sabuni.