Barua kwa Mtendaji Mpya wa Kijiji

Bulyaga, Tukuyu
8 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umepangiwa kijiji na umeshakabidhiwa muhuri. Nimemshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Kesho ni Tisa Desemba, siku ya Uhuru, na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujazoea kiti.

Je, unajua kwamba Mandela aliuonja uhuru kwa mara ya kwanza hapo Mbeya? Ilikuwa mwanzoni mwa 1962, Tanganyika ina kama mwezi mmoja tu tangu ijitawale. Alikuwa ametoka Afrika Kusini kwa siri, akafikia hotelini, akakuta weusi na weupe wameketi barazani wakizungumza. Yeye na mwenzake walikuwa wakimsubiri John Mwakangale, mbunge wa TANU wa huku kwetu. Kumbe Mwakangale alishapita kuwaulizia, ila mama wa Kizungu wa mapokezi hakuwaambia. Mgeni mmoja Mwafrika akamwendea, akamwuliza. Yule mama akaomba radhi kwamba amesahau, mgeni yule akamwambia kwa upole, bila kumung'unya maneno, kwamba hao ni wageni wetu na watunzwe ipasavyo. Mandela aliandika baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, akajiona mtu huru.

Kilichomgusa ni namna watu wanavyojibiwa mezani. Na wewe sasa umepewa meza.

Nimewaona wajane wakifika ofisini kuomba barua ya utambulisho, kanga wamezifunga vizuri, wanaambiwa rudi kesho. Kesho yake mwenye muhuri hayupo. Siku ya tatu mtu anawanong'oneza kwamba wakiacha buku mbili ya soda mambo yatakwisha. Mjane wa namna hiyo ameuimba wimbo wa taifa tangu shule ya msingi, na wimbo ule ni sala, ndani yake viongozi wanaombewa mapema kabisa. Anakuombea, kisha anakulipa ili umgongee muhuri ambao ni haki yake! Mbele za Mungu hilo ni jambo zito, mwanangu, hata kama wenzako watakuambia ni kawaida.

Fungua Samweli wa Kwanza sura ya 12. Mzee Samweli, kichwa kimejaa mvi, anasimama mbele ya Israeli yote siku ile anapomwachia Sauli uongozi. Anawataka wamshuhudie: ni ng'ombe wa nani alimtwaa, punda wa nani, nani alimwonea, rushwa aliipokea mkononi mwa nani. Watu wakajibu kwamba hakufanya hata moja. Lakini usiiruke sura ya 8. Humo wanawe wanapenda rushwa na kupotosha hukumu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wazee kudai mfalme. Mzee mwenyewe safi, nyumba yake ikamwangusha. Kwa hiyo sisi ndugu zako tukianza kukupigia simu tunataka jina liingizwe kwenye orodha ya TASAF, au mbolea ya ruzuku itoke kwa mlango wa nyuma, tukatalie. Anza na mimi, wala usinionee haya.

Babu zetu nao hawakumwacha malafyale, yaani chifu, atawale peke yake. Kulikuwa na amafumu, watu wasio wa ukoo wa kichifu, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumkanya uso kwa uso. Iliaminika kwamba watu wakinung'unika kwa haki, pumzi yao humpata mkosaji kwa ubaridi mwilini. Sisi tulio wa Kristo tunajua manung'uniko hayo yanafika wapi. Yakobo ameandika katika sura ya 5 kuhusu kilio cha vibarua waliodhulumiwa ujira.

Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akazunguka nchi kukijenga chama. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 miiko hiyo ikalegezwa kule Zanzibar. Yapo ya miaka ile nisiyoyatetea, watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, lakini miiko ya uongozi naitetea mpaka leo, na naona tulipoilegeza tuliwafungulia wengi mlango mpana.

Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, kisha uyabandike ubaoni. Akisimama mzee akauliza fedha za mchanga wa darasa zimekwenda wapi, usimwite mkorofi. Mwonyeshe risiti. Na kama risiti haipo, sema haipo, watu wote wakisikia.

Ukishamaliza mkutano wa kwanza nipigie simu. Nataka kujua waliuliza nini, na ulijibu nini.

Mungu akutunze.

Shangazi yako