Lori Likitetemeka, Muulize Dereva Kwanza

Watu wangu, leo si mambo ya simu. Ni malori. Ukikulia Bondeni huwezi kukosa mtu wako anayebeba makontena kutoka bandarini. Wangu ni ami. Anaenda Malaba na kurudi, na mwaka jana trela lake lilianza kutetemeka. Tajiri akasema ni yeye, anapiga mashimo ovyo. Springi mpya zikanunuliwa, pesa zikakatwa kwa mshahara wake. Mtetemo uko pale pale.

Kinachoniuma ni hiki: hakuna aliyemuuliza mtetemo unakuja lini. Na jibu lilikuwa hapo.

Manake kila ugonjwa una wakati wake. Ukiusikia kwa usukani, anza na tairi za mbele, balansi na beringi. Ukianza ukikanyaga breki, angalia dramu. Lori likirukaruka kwenye mashimo, hapo ndo uangalie springi, bushi, shokomzoba na upepo wa tairi. Ukipanda na kushuka na injini hata gari limesimama, shuku mauntingi, zile raba zinazobeba injini. Lakini je, uko kwenye spidi fulani tu? Kanyaga klachi kidogo, kwa tambarare, si mteremkoni. Injini ikishuka na mtetemo bado upo, si injini. Ni magurudumu au propela shafti.

Wa ami ulianza kwenye 60 hivi, kwa kiti na sakafu, usukani umetulia tuli. Klachi haikubadilisha kitu. Fundi mmoja mzee akamsikiliza, akaingia chini moja kwa moja. Shafti ilifunguliwa walipobadilisha klachi, ikarudishwa bila kuwekwa alama, krosi za mbele na za nyuma zikapishana. Akaizungusha, akazilinganisha, akafunga. Hakununua spea hata moja.

Mimi niliacha chuo, naambiwa kila siku sijui kitu, so hii naielewa. Ami hakumaliza shule, lakini masaa kumi kwa kiti kile yalimfundisha kitu ambacho tajiri hakutaka kusikia. Pesa za springi hazijarudi mpaka leo, na mgongo bado unamuuma.

Mzee wako akiwa barabarani, mwambie aandike: spidi ngapi, gia gani, na mzigo au tupu, kiti au usukani. Karatasi hiyo ampe fundi kabla hajafungua nati, na tajiri apate kopi.