Aliyelisahau Jina Langu

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nililikariri neno hilo tangu utotoni, nami sikupata kujiuliza: mzee mwenyewe akiishiwa na kumbukumbu, ni nani atakayemsitiri?

Shangazi yangu wa Lemara, mjini Arusha, alikuwa hazina ya ukoo wetu. Alijua nani alitahiriwa katika rika lipi, na shamba gani alirithi nani. Kisha akaanza kusahau: kwanza chungu mekoni, halafu njia ya kurudi kutoka dukani, mwisho jina langu. Majirani wakanong'ona habari za uchawi. Nami, mtumishi wa serikali na mtunga mashairi, nikaona haya. Nikafunga lango na kuwazuia wageni. Nilidhani naihifadhi heshima yake, kumbe nilimnyima mazungumzo, ambayo ni chakula cha akili.

Nilizinduka niliposoma uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013. Miongoni mwa wazee wa miaka 70 na zaidi, takribani 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi haya ya kudhoofika kwa akili. Basi ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si ada ya uzee, kwani wengi huzeeka na akili zao timamu. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari yake, yakiwamo shinikizo la damu, kutosikia vizuri, upweke, na kukosa elimu utotoni. Walikadiria kwamba karibu nusu ya maradhi hayo duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeondolewa.

Nimelifungua lango. Shangazi hupimwa shinikizo la damu, na jioni wajukuu humzunguka wakaimba naye nyimbo za ujana wake. Hakupona, lakini beti zile hazimpotei.

Mila zetu zilimweka mzee katikati ya watu. Ewe mwalimu, nawe mwanafunzi, kumheshimu mzee si kumficha. Akianza kusahau, mpelekeni hospitali, kisha ketini naye.

Jana Shangazi aliniita kwa jina la marehemu baba yangu, nduguye. Nikaitika.