Saba Saba Mbili

Mwezi wa Julai mwaka 2025, katika siku za kipupwe, sisi ndugu wawili wa Lushoto tuliitwa Nairobi kwa haraka. Baba yetu mkubwa, mzee wa miaka 82, alikuwa amelazwa hospitali huko, na madaktari walikuwa wameweka siku ya kumpasua, Jumanne tarehe 8. Hospitali iliwataka jamaa walete watu wawili wa kutoa damu, ili kurudisha ile atakayotiwa mgonjwa. Binti yake, dada yetu, ana ugonjwa wa sukari, wala hakukubaliwa. Basi akatupigia simu usiku, akasema, "Wadogo zangu, njoni ninyi. Baba anawauliza kila siku."

Tulikaa jikoni karibu na moto tukapanga safari. Mmoja wetu ni mwalimu, na mwenzake analima viazi na kabichi. Mwalimu alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache tu. Tukahesabu hivi: Jumapili tarehe 6, baada ya ibada ya asubuhi, tushuke Mombo tukalale Arusha, Jumatatu tupande gari la Nairobi, tufike kabla ya saa nane mchana, tutoe damu siku ile ile, Jumanne mzee apasuliwe. Tena tulifurahi kuona ya kuwa Jumatatu ni Saba Saba, maana kwetu ni sikukuu, na tulidhani njia zitakuwa nyeupe. Hesabu ilikuwa nzuri sana juu ya karatasi. Haikuwa na nafasi ya kuchelewa hata nusu siku, na hilo hatukuliona.

Mtu wa Lushoto akisafiri wakati wa kipupwe hupata majira matatu ndani ya siku moja. Nyumbani kwetu, kama mita 1,400 juu ya bahari, tuliondoka tumevaa makoti na kofia za sufu, na ukungu ulikuwa haujaondoka Magamba. Gari likashuka kwa kona zake nyingi kupitia Soni, kilomita 33 hivi hata Mombo, nasi tukivua vazi moja moja. Tulipofika barabara kuu tulibaki na mashati, na jasho likatutoka. Jioni Arusha tukayavaa yote tena. Twawaambieni haya kwa kuwa wengi hudhani kila mji mkubwa una joto kama Dar es Salaam au Tanga. Nairobi uko juu kuliko Lushoto, na katika mwezi wa Julai mawingu huweza kulificha jua tangu asubuhi hata jioni. Koti msiliache nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili, tulikuwa kituoni. Ofisi iliyotuuzia tikiti, ambayo hatutaitaja jina, ilikuwa imefungwa. Kijana mmoja ameketi mlangoni, amejitanda shuka hata masikioni. Akatuuliza, "Wazee wangu, hamkusikia? Leo ni Saba Saba."

Tukamjibu ya kuwa twajua, ni sikukuu.

Akacheka. "Si ya kwetu," akasema. "Ya kwao."

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo mwalimu angalipaswa kulikumbuka mapema, maana amelifundisha darasani miaka mingi. Kwetu, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa. Hiyo ndiyo asili ya Saba Saba yetu, ambayo siku hizi watu huijua zaidi kwa maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Kwa majirani zetu, tarehe 7 Julai 1990, watu walitoka kudai mfumo wa vyama vingi, polisi wakawatawanya kwa nguvu, na wengine wakafa. Saba Saba yao ni ukumbusho wa siku hiyo. Jina moja, tarehe moja, na mpaka katikati. Mwaka ule wa 2025 vijana wa Kenya walikuwa wametangaza kuandamana, na majuma mawili kabla, tarehe 25 Juni, watu walikuwa wamekwisha kufa katika maandamano mengine. Basi alfajiri ile polisi walikuwa wamefunga njia kuu za kuingia Nairobi. Hata mabasi yaliyosafiri usiku kucha yalizuiwa nje ya mji, na abiria wakashuka, wakatembea kwa miguu na mizigo yao.

Tukasimama pale tukishauriana, na shauri letu halikuwa zuri. Mkulima alitaka tuzunguke kwa Holili na Taveta, tukatokee Voi. Lakini njia ile nayo mwisho wake ni Nairobi, na mji uliofungwa haujali umeingilia mlango gani. Mwalimu alitaja ndege. Tukahesabu fedha zetu, tukaacha habari za ndege. Kisha mwalimu akasema turudi kwa ndugu tuliolala kwao, tungoje mpaka kesho. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, aliyekuwa akinywa chai karibu nasi, akaingia katika maneno yetu bila kuitwa. Akasema, "Nendeni hata pale mnapoweza kufika. Njia ikifunguka, aliye Namanga huondoka. Aliye Arusha husikia habari tu." Tulimshika neno, na mpaka leo twaona ya kuwa hatukupata shauri lililo bora kuliko lile katika safari nzima.

Kutoka Arusha hata Namanga ni kama kilomita 110. Gari dogo lilituchukua na watu wengine sita, wote wakiwa na nyuso kama zetu. Mpakani kazi ni nyepesi siku hizi. Tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, na pasi ya msafiri hupigwa mihuri yote miwili bila kuzunguka. Tulicheleweshwa na jambo moja tu. Tulikuwa tumechukua kilo tatu za unga wa muhogo, kwa sababu mzee alikuwa ametamani bada, na Nairobi hapati ya kumridhisha. Afisa aliufungua mfuko, akautazama unga ule mweupe, akatutazama sisi. Mkulima akaanza kumweleza jinsi muhogo unavyomenywa, unavyoanikwa na kutwangwa, wala hakufupisha. Yule bwana akatupa mfuko wetu kabla hajamaliza.

Upande wa pili hapakuwa na gari la Nairobi. Madereva walikuwa wameegesha, wamelala ndani. Tukabadili fedha, lakini si zote, maana hatukujua kama tutaendelea au tutarudi. Tukatafuta chumba cha bei ndogo chini ya mlima Oldonyo Orok. Ilipofika jioni dada yetu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Alisema ya kuwa hata yeye, aliye ndani ya mji, hakuweza kufika hospitali. Mzee alikuwa peke yake kutwa nzima, na hakuna aliyejua kama madaktari wote watafika kesho. "Na damu?" tukauliza. Hakujibu neno hilo.

Usiku ule hatukulala. Kulikuwa na upepo wa baridi, na blanketi lilikuwa moja, lakini si hilo lililotukosesha usingizi. Kila mmoja wetu alikuwa akiwaza mambo ya mwaka 1979, wala hakuna aliyeyataja.

Baba mkubwa aliondoka Lushoto mwaka 1965 kwenda kufanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki, Nairobi. Siku zile alikuja nyumbani kila mwaka kwa gari la moshi, kupitia Voi, Taveta na Kahe hata Mombo, na sisi wadogo tulishuka kumpokea kwa ajili ya mikate yake. Kisha Jumuiya ikavunjika. Mwezi wa Februari mwaka 1977 serikali yetu ilifunga mpaka na Kenya, na gari lile la moshi halikuvuka tena. Mwaka 1979 bibi yetu akafa. Baba yetu alimwandikia kaka yake barua, nayo ikazunguka majuma mengi kabla ya kumfikia. Bibi alizikwa bila mwanawe wa kwanza. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Tuliokuwapo twakumbuka jinsi alivyoshuka garini mwezi uliofuata, akapita nyumba bila kuingia, akaenda moja kwa moja kaburini. Hakukuwa na lolote la kuona ila majani.

Basi tulilala macho pale Namanga, na saa kumi za usiku tukasikia injini.

Gari la kwanza liliondoka kabla ya mapambazuko. Tulipita Kajiado gizani. Kadiri tulivyoukaribia mji tuliona majivu ya mipira ya magari barabarani, maduka yaliyofungwa, na watu wakitembea kimya kwenda kazini katika manyunyu. Tume ya haki za binadamu ya Kenya baadaye ilitaja zaidi ya watu 30 waliokufa siku ile moja. Sisi tulikuwa tumenung'unikia tikiti.

Tulifika hospitali saa nne na nusu. Mzee alikuwa hajapasuliwa; wauguzi na madaktari wengi walikuwa hawakufika jana yake, na siku yake ilikuwa imesogezwa hata Alhamisi. Tukaenda kutoa damu. Mkulima akakubaliwa. Mwalimu alipimwa, akaonekana ana homa ya mafua aliyoyapata Namanga, akaambiwa aende zake akanywe chai. Tukasimama ukumbini tukiwa hatujui tumpate wapi mtu wa pili. Kijana mmoja aliyekuja kumwona mama yake akatusikia tukisemezana, akauliza habari, akakunja mkono wa shati. Hatukupata kumpa kitu. Hata jina hakulitaja.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kitandani, amevaa kofia ile ile ya sufu ambayo mama yetu alimfumia zamani. Tukamwamkia kwa Kishambaa. Akatutazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mmechelewa kwa kadiri gani?"

"Siku moja, Baba. Njia ilifungwa."

Akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akaja mbio. Alipotulia akasema, "Siku moja! Mimi nilichelewa miaka minne." Halafu akanyamaza, akaushika mkono wa mkulima, ule uliokuwa umefungwa pamba, wala hakuuachilia mpaka saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha.

Mwalimu alimpigia simu mwalimu wake mkuu, akaomba siku nyingine, akapewa pamoja na maneno kidogo. Mzee alipasuliwa Alhamisi asubuhi. Siku zote hizo alikuwa akiuliza kama unga umefika salama, na dada yetu akimwambia ya kuwa uko nyumbani, mahali pakavu. Jumapili daktari akaruhusu. Dada akasonga bada jikoni kwake, akaifunga kwa kitambaa ili isipoe katika baridi ile, akaja nayo kwa gari la abiria. Mzee akaionja, akasema ya kuwa Wanairobi hawajui kusonga, akaila yote.