Nyundo Chini ya Pikapu

Tuliondoka Columbus saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya mwezi wa tatu, mimi na Mjomba. Hatuna undugu wa damu. Ni fundi magari wa Mombasa, na sisi vijana wa Tanga tuliomkuta huku Ohio hatumwiti vingine. Nilikuwa na miezi saba Marekani na sijawahi kuvuka mpaka wa jimbo. Mfukoni nilikuwa na dola 9,000, na kwenye simu picha ya pikapu nyekundu inayong'aa, iliyokuwa ikiuzwa Erie, Pennsylvania, mwendo wa saa nne hivi.

Mjomba alipakia vitu vitatu tu: tochi, bisibisi kuukuu na nyundo ndogo. Nikamuuliza, injini ataipima na nini?

"Injini hubadilishwa, mwanangu. Chasisi ikioza, umenunua viti na matairi."

Barabara ilikuwa nyeupe. Nilidhani ni theluji, kumbe ni chumvi iliyokauka. Tulipofika Cleveland, Mjomba akaninyooshea kidole kwenye Ziwa Erie, ambalo nilikuwa naliona kwa mara ya kwanza, la kijivu na pana kama bahari. Akaniambia kwamba chini ya maji yale kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 500 kwenda chini, na chumvi inayotoka humo humwagwa barabarani. Nilinyamaza kwa muda. Nimekulia pwani, nimeona upepo wa bahari unavyotoboa mabati ya nyumba yetu. Kwetu chumvi huja yenyewe. Huku huchimbwa na kupakiwa kwenye malori. Siwalaumu, kwa maana maji ya chumvi hayagandi upesi, na barabara isiyo na barafu huokoa maisha ya watu. Ila maji hayohayo yakirukia chini ya gari hukiandama chuma, na kutu hukimbia kuliko kawaida.

Njiani akanifundisha. Pikapu hujengwa juu ya chasisi, yaani vyuma viwili virefu kutoka mbele hadi nyuma, na kila kitu kimekaa juu yake: injini, kebini, mzigo, watu. Katika magari mengi vyuma hivyo vina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Tope lenye chumvi hupenya kwenye vitundu, likaziba njia ya maji, likabaki humo na unyevu wake. Kutu huanza kula kwa ndani, na wewe kwa nje unaona rangi. Hata kampuni kubwa haijaepuka: mwaka 2016 Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali mapatano ya kesi yenye thamani ya hadi dola bilioni 3.4, kwa ajili ya kukagua na kubadilisha chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zipatazo milioni 1.5. Pikapu tuliyokuwa tunaifuata ni ya kampuni nyingine kabisa. Kutu haichagui jina.

Mwenye gari alikuwa mzee mpole. Pikapu ilikuwa nzuri kweli. Hata chini ilikuwa nyeusi tii, imepakwa rangi mpya. Mimi nilifurahi. Mjomba uso ulimbadilika.

Akaomba ruhusa, akatandika boksi juu ya theluji, akalala chali. Nami nikajipenyeza kando yake na tochi. Akaanza mbele, akigonga taratibu. Chuma kililia, ti, ti, ti, mlio mkavu wa chuma kizima. Akasogea nyuma, karibu na mahali springi zinapofungwa. Ghafla mlio ukafa: dup, kama anayegonga papai lililoiva. Akageuza bisibisi, akasukuma bila nguvu. Ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, yakatumwagikia magamba ya kutu, matabaka kwa matabaka kama chapati, na nyuma yake tope lenye maji. Ile rangi mpya ndiyo iliyokuwa imeshikilia umbo.

Yule mzee akainama kuangalia. Alikuwa amelinunua hivyohivyo, limeshapakwa, miaka miwili nyuma. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hubeba wajukuu wake humo kila Jumapili. Kisha akauliza: na upande wa pili? Mjomba akampa nyundo, akamwonyesha pa kugonga. Mzee akapiga magoti kwenye theluji, akagonga mwenyewe. Dup.

Alikataa kutuuzia hata kabla hatujasema neno. Nilimheshimu sana kwa hilo. Kuna aliyepaka rangi ile akijua anachofunika, na huyo ndiye anayeniuma mpaka leo.

Tulipofika Columbus giza lilikuwa limeingia. Mjomba hakukubali niende kulala. Akakielekeza kigari chetu kwenye kituo cha kuoshea magari, akachagua kuosha chini tu, tukasimama pembeni tukitazama maji yakitoka ya kijivu. Yalipoanza kutoka meupe, akalipia mara ya pili.