Dumuzi Alipoingia Urambo

Wadudu wa ghalani tuliwajua. Fukusi alikuja kila mwaka. Unapepeta, unasaga, mnakula. Huyu aliyetuingilia Urambo, mkoani Tabora, miaka ile ya kuelekea 1980, alikuwa mwingine kabisa. Mama alipanda darini kuteremsha mahindi ya kande, akashuka na magunzi yanayomwaga unga. Punje zilikuwa maganda matupu.

Usiku, nyumba ikitulia, tulimsikia akitafuna. Alimaliza mahindi akaingia kwenye makopa ya muhogo, akatoboa hata fito za dari. Wengine walimwita Scania, kama yale malori. Wataalamu walimtambua mwaka 1981: mbawakawa wa milimita tatu hadi nne, kwao Meksiko na Amerika ya Kati. Wazee walilaumu mahindi ya msaada, nami sioni sababu ya kuwabishia; mdudu kama yule havuki bahari kwa mabawa yake. Ziko kaya mkoani zilizopoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa akiba yao katika miezi michache.

Bwana shamba akaja na agizo: marufuku kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Punje zikiwa zimeshikana, alisema, dumuzi anapata pa kujikita anapotoboa, na dawa haimfikii. Dawa ya zamani iliua fukusi tu. Ikabidi ichanganywe na permethrini, ndiyo Actellic Super tuliyoijua baadaye, unga wa kuchanganya na punje kabla ya kutia guniani.

Ushauri ulikuwa sahihi, ila waliotoa jasho ni wanawake. Zamani mama alipukuchua ya kula siku ile. Sasa mavuno yote yalipukuchuliwa kwa mkupuo, dada zangu wakaota malengelenge vidoleni.

Tena mahindi ya darini yalikuwa ya mama. Hakuna mwingine aliyejua yamebaki kiasi gani. Yalipoingia kwenye magunia baba akaanza kuyahesabu, na walanguzi wakajua mlango wa kubisha. Msimu mmoja magunia yaliuzwa mvua hazijaanza, kisha mama akaenda kununua mahindi kwa debe, kwa bei ya kukopea.

Tangu hapo aliacha magunzi kadhaa juu ya moshi wa jiko, bila dawa. Bwana shamba alipomgombeza, alimjibu kwamba dumuzi anakula, lakini hauzi.