Mpaka ni Mkuyu, Si Maji

Kitongoji chetu kimo katika bonde la Mto Mkondoa, ukitoka Kilosa kuelekea Kidete, katikati ya milima ya Usagara. Kinachosajiliwa na kupewa cheti ni kijiji. Kitongoji kina mwenyekiti tu, na maneno ya wazee kuhusu kinakoanzia na kinakoishia.

Utotoni mwetu kila kitu kilipimwa kwa reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907 na Dodoma 1910, inaufuata mto huu kwa sababu ndio uliopasua njia milimani. Mtu akikuuliza unakaa wapi, ulijibu "chini ya reli" au "juu ya reli". Chini walikaa wenye bustani za nyanya na miwa. Juu, wenye mahindi na mbuzi. Treni ikisimama, mama alikuwa wa kwanza kufika dirishani, beseni la ndizi kichwani.

Juu zaidi kulikuwa na mahame. Babu alitupeleka huko msimu wa maembe. Mafiga yalikuwa yamezama udongoni, jiwe la kusagia limeota kuvu, na babu alilitaja kila hame kwa jina la mwenyewe, kama anayepita mbele ya milango yao. Watu hao waliteremshwa bondeni wakati wa Operesheni Vijiji, Serikali ilipotaka wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976. Mimi sikuwajua, niliyajua majina yao tu, na kwa majina hayo niliujua mlima.

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ukafurika. Maji yalizoa tuta, reli zikabaki zikining'inia, mataruma yameng'ang'ania. Yalipopungua, mto ulikuwa umehama. Shamba la mama likajikuta ng'ambo, na majirani wa huko wakadai kwamba mto ndio mpaka, basi shamba ni lao. Kesi ilimalizwa na wazee watatu walioonyesha mkuyu wa zamani: mpaka ni mkuyu, si maji. Leo hao wazee wote wamefariki.

Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Inasimama Kilosa, Kidete na Gulwe. Sisi wa katikati tunaiona ikipita, na madirisha yake hayafunguliwi. Biashara ya beseni imekwisha. Vijana wamejenga vibanda kando ya barabara, na "chini ya reli" haijibu tena swali la mtu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu mwanakijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, lakini mpimaji akija ataomba aonyeshwe mpaka. Mwenyekiti wa kitongoji unayesoma haya, nunua daftari. Tembea na wazee waliobaki, uandike kila mkuyu, kila korongo, kila hame na jina la mwenyewe. Fanya hivyo kabla ya masika.